Kura Iliyozoea Mkono Mwingine

Alhamisi ile ya mwezi wa Mei, Beryl Ottley alimaliza kuosha vyombo vya mchana, akavaa koti lake la kijani na kwenda kupiga kura kwa miguu yake mwenyewe. Clifford, mumewe, alikuwa ameshawasha gari. Alimwona mkewe anapita kando ya dirisha la gari bila kusimama, akazima injini, akarudi ndani kusoma gazeti.

Upepo ulitoka baharini, kama kawaida ya Hallowby, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, ukipekua mapipa ya taka na kugongesha mlango wa kibanda cha aiskrimu ambacho kilikuwa bado hakijafunguliwa kwa msimu wa wageni. Beryl alitembea polepole, akiisikiliza nyonga yake mpya. Haikuuma. Kwa muda mrefu alikuwa akiisubiri nyonga hiyo. Kila barua ya hospitali ilisogeza tarehe mbele, na muda wote huo alikuwa mtu wa kitandani na wa kiti cha dirishani. Clifford ndiye aliyekuwa akienda dukani, akienda benki, na uchaguzi ulipofika, ndiye aliyekwenda kumpigia kura. Sheria inaruhusu. Mgonjwa anamtaja mtu anayemwamini, mtu huyo anafika kituoni, anapewa karatasi mbili, yake na ya mgonjwa.

Mara ya kwanza ilikuwa kura ya maoni, ile ya kuamua kama nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke. Asubuhi hiyo Beryl alimshika Clifford mkono pale kitandani, akamwambia aweke kubaki, kwa ajili ya Joanne. Joanne alikuwa mtoto wao wa pekee, ameolewa Rotterdam na Mholanzi mmoja mpole aitwaye Wouter, na wana binti yao, Fenna. Clifford mwenyewe alitaka kutoka, na hakuwahi kulificha hilo. Lakini alisema, "Nimesikia, mpenzi," akaenda, akarudi na samaki na viazi vya kukaanga vilivyofungwa kwenye karatasi, akasema tayari. Tangu hapo akawa anambebea kura zote.

Sasa, miaka mitatu baadaye, nchi ilikuwa haijatoka wala haijabaki. Siku iliyotangazwa ya kuondoka ilishapita kama treni isiyosimama kwenye stesheni ndogo, wabunge wakaendelea kuvutana, na watu walioiaga Ulaya wakaitwa tena kuchagua wa kuwawakilisha katika bunge la Ulaya. Hallowby nzima ilisema ni upuuzi, na Hallowby nzima haikuwa na mazungumzo mengine.

Kituo kilikuwa katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti. Mbwa wawili walifungwa nje, wakibwekeana. Ndani, Bi. Lumley, msimamizi, mama mnene mwenye miwani ya kamba ambaye Jumapili hupiga kinanda katika ukumbi huohuo, alimpa Beryl karatasi ndefu yenye majina ya vyama. Beryl aliingia kwenye kijumba cha mbao, akashika penseli iliyofungwa kwa uzi, akakitafuta chama kimoja cha wale wanaotaka kubaki. Akachora alama ya msalaba kwenye kisanduku chake.

Alama ilikaa pale kidogo. Kisha ikaanza kwenda. Iliteremka bila haraka, kama mdudu anayejua kwao, ikavuka mstari mmoja na mwingine, ikapanda upande wa pili wa karatasi, ikaingia kwenye kisanduku cha chama kipya cha kutoka. Humo ikatulia.

Beryl alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena. Alama ilikuwa palepale. Alirudi mezani akasema ameharibu karatasi. Bi. Lumley akampa nyingine. Ya pili ilikwenda njia ileile, ila kwa kasi zaidi, kama vile sasa inaijua vizuri. Alipoomba ya tatu, Bi. Lumley alimpa, akainuka akamfuata hadi karibu na kijumba, akasimama mahali ambapo hawezi kuona karatasi.

"Inatembea?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Inatembea."

"Inakwenda juu au inashuka?" Kisha akajishika mdomo. "Usiniambie. Siruhusiwi kujua. Kuna mtu alikuwa anakupigia?"

"Mume wangu. Nilikuwa naumwa nyonga."

"Basi ndiyo hivyo, mama. Kura ikishikwa na mkono mwingine muda mrefu inauzoea. Inakwenda kule ilikokuwa inapelekwa."

Beryl aliitazama penseli iliyokuwa inaning'inia kwenye uzi wake. "Mimi nilimwambia aipeleke kwingine," alisema.

Bi. Lumley alisugua mikono yake. Alisema kwamba mambo ya nyumbani hayamhusu mtu wa mezani. Tangu asubuhi alikuwa amepata wengine wenye shida hiyo, wengi wao wake za watu, na babu mmoja kutoka nyumba ya kutunzia wazee, ambaye alama yake haikwenda popote, ilitetemeka tu katikati ya karatasi mpaka akaionea huruma. Beryl aliuliza hao wengine wamefanyaje.

"Wametumbukiza," alisema Bi. Lumley. "Ukikaa humo mpaka jioni itakwenda vilevile. Na kuna foleni."

Beryl angeweza kuikunja karatasi, akaitia mfukoni na kuondoka. Aliwaza hivyo. Lakini alikuwa ametembea kutoka nyumbani, kwa nyonga mpya, na nyuma yake kijana mmoja wa gereji alikuwa anatazama saa. Akachora ya tatu, akatumbukiza.

Nyumbani Clifford aliuliza kama amepiga. Alisema amepiga. Clifford akasema vizuri, akamuuliza kama nyonga imemsumbua, naye akasema hapana. Kisha akaingia jikoni akasafisha jiko la kuokea, ambalo halikuwa chafu.

Siku zilizofuata hakukaa kitako. Alihamisha kochi kutoka ukutani hadi dirishani, akalirudisha ukutani. Alikata majani ya uani wakati upepo unayarudisha usoni mwake. Ijumaa waziri mkuu alitangaza kujiuzulu, na Clifford akaongeza sauti ya televisheni, akamwita aje aone. Beryl akaja akatazama akiwa amesimama, bakuli mkononi, kisha akaenda kupanga upya kabati la mashuka. Alikuwa anazitafuta zile kura, moja baada ya nyingine. Ile ya maoni. Ile ya bunge mwaka uliofuata. Ile ya madiwani iliyopita juzijuzi tu. Kila mara Clifford alirudi na samaki na viazi, na kila mara yeye alimshukuru.

Jumamosi alikaa mezani kumwandikia Fenna kadi ya siku ya kuzaliwa. Aliandika maneno yake, akamalizia kwa misalaba midogo chini ya jina, kama watu wote wa huko wanavyotuma mabusu. Misalaba ile iling'oka, ikateleza juu ya kadi hadi ukingoni, upande alioketi Clifford na kikombe chake cha chai. Ikabanana pale ukingoni kama kondoo kwenye geti.

Clifford aliitazama. "Kalamu hiyo inavuja," alisema.

"Haivuji."

"Basi meza imeinama." Alikunja gazeti, akainama, akalisukuma chini ya mguu wa meza. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu, lakini hiyo ingeweza kuwa kwa sababu ya kuinama. Akatoka nje kwenda kuangalia upepo wa magurudumu ya gari.

Jumatatu ilikuwa sikukuu, na matokeo yalikuwa yametoka. Kama kila sikukuu ya mwezi huo, watu walikusanyika klabuni kucheza mchezo wa kuviringisha matufe nyasini. Clifford alikuwa nahodha. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha, ikarudi, na kila iliporudi watu walikimbilia barazani kwenye sandwichi za yai na birika kubwa la chai, wakaendelea na ubishi palepale walipouachia.

Chama kipya cha kutoka kilikuwa kimeongoza nchini na huko kwao pia, kwa mbali. Kwa Trevor Maddison, aliyekuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomkatalia, hapo palikuwa hapana la kuzungumza. Watu wamesema mara ya kwanza hawakusikilizwa, wamesema tena, sasa watoke hata kesho, na mkataba au bila mkataba. Mwalimu mstaafu mmoja, Alan Fewster, alikuwa amepanga vipande vya keki juu ya meza. Kipande kikubwa ni chama cha kutoka, alisema, sawa, hakuna anayebisha. Lakini chukua hiki cha chama cha manjano, na hiki cha chama cha kijani, na hivi vidogo vya vyama vya Uskochi na Wales, viweke pamoja. Vyote vinataka kubaki. Rundo lipi kubwa?

"Hivyo vidogo vimetoka kwenye keki nyingine kabisa," alisema Trevor. "Huwezi kujumlisha karoti na chokoleti, bwana Alan."

"Na vile vyama viwili vya zamani vilivyopigwa mweleka, wapiga kura wao utawaweka rundo gani?"

"La kwangu. Walikwenda kwa chama kipya."

"Wengine walikwenda kwa kijani."

"Kijani ni watu wa baiskeli. Hao hawahesabiki."

Hazel Pinder, jirani wa Ottley wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye sauti ya kuita feri, alisema wote wawili wanajidanganya, kwa sababu zaidi ya nusu ya nchi ilikaa nyumbani, na waliokaa nyumbani ndio walioshinda. Trevor alimuuliza kama yeye alikwenda kupiga. Hazel alisema hakwenda ng'o. Hajapiga kura yoyote tangu kura ya maoni, na hatapiga mpaka kura ile ya kwanza itekelezwe. Yeye alisema tutoke, na neno lake ni lile lile.

"Basi nyamaza, wewe umesusa," alisema Trevor, na barazani watu wakacheka.

"Nimesusa kupiga, sijasusa kusema. Beryl, hebu waambie. Wewe ulikwenda kwa miguu, nilikuona. Haya matokeo yana maana gani?"

Clifford alikuwa ameinama anafuta tufe lake kwa kitambaa. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba Beryl anaona ni wakati wa kumaliza jambo hili, kama wanavyoona watu wengi, watu wamechoka.

Beryl alikuwa anamimina chai. Aliweka birika chini.

"Clifford," alisema, "mwaka ule wa kura ya maoni, yangu uliiweka wapi?"

Mvua ilikuwa imekatika na hakuna aliyetoka kwenda kucheza. Clifford aliligeuza tufe mkononi. Matufe yale hayatengenezwi duara kamili. Upande mmoja umezidi kidogo, na mchezaji mzuri ni yule anayejua litapinda wapi.

"Niliiweka pale nilipoona panatufaa," alisema.

"Nilikwambia kubaki."

"Ulikuwa na dawa za maumivu, mpenzi. Ulikuwa unasema mambo mengi."

"Nilisema jambo moja."

Clifford alisema wangeongea nyumbani. Beryl alisubiri mtu aseme kitu. Alimtazama Hazel, akamtazama Trevor, ambaye aliwahi kumbeba ngazini siku alipoanguka. Alan Fewster ndiye aliyesema, na alikuwa anatazama keki.

"Ngoja," alisema. "Kama kura ya Beryl ilikuwa ya kubaki na ikawekwa kutoka, hiyo ni tofauti ya mbili. Unaitoa huku, unaiongeza kule."

"Kura mbili katika nchi nzima?" alisema Trevor. "Hata ingekuwa mtaa mzima."

"Siyo mbili, bwana. Ni wangapi kama Beryl? Hilo ndilo swali. Kama katika kila mtaa kuna mmoja..."

"Na wa upande mwingine je? Watoto wa chuo waliowapigia bibi zao? Hao nao utawahesabu?"

Hapo ubishi ulipata moto mpya. Watu ambao hawakuwa wamesema lolote tangu asubuhi walisogeza viti. Mmoja alisema kura iliyokwisha kuhesabiwa imehesabiwa, mwingine akasema basi ndiyo maana wanataka kura ya maoni ya pili, mwingine akasema ya pili ikija watataka ya tatu. Vipande vya keki vilihamishwa kutoka rundo hili kwenda lile. Clifford aliingia katika ubishi huo polepole, kwanza kwa kutikisa kichwa, halafu kwa neno mojamoja, na baada ya muda alikuwa anaongea kwa mkono kama wenzake. Beryl alimimina chai yote iliyobaki. Hakuna aliyemuuliza tena matokeo yana maana gani. Alivaa koti akaondoka, na Hazel peke yake ndiye aliyegeuka kumtazama.

Jioni ile Joanne alipiga simu, kama kila Jumatatu. Clifford alikuwa kwenye sinki anamenya viazi. Siku hizi alikuwa akimenya viazi bila kuombwa.

Joanne alikuwa ameiona ramani ya matokeo, na jinsi upande wa kwao ulivyopakwa rangi moja. Alisema hakushangaa. Aliuliza nyonga, akaeleza habari za Fenna na jino lake lililong'oka kwenye tufaha, kisha akasema yeye na Wouter wamekata shauri. Atachukua uraia wa Uholanzi; ombi limekubaliwa, kimebaki kiapo. Huko unakula kiapo cha utii kwa nchi yao, na yeye alikuwa amesitasita miaka yote hii akifikiri mambo yatatulia. Hayatulii. Kila asubuhi anaamka hajui ni mtu wa wapi, amechoka kusubiri kuambiwa na watu wa kwenye televisheni.

"Wakati mwingine nakasirika na mji mzima, Mama," alisema. "Halafu najiambia, angalau najua nyumba moja iliyotoka sare. Baba alisema lake, na wewe ukasema langu."

Beryl alikuwa amesimama, amejifunga waya wa simu kidoleni. Alikuwa na simu ya mkononi pia, lakini kwa Joanne alitumia ile ya ukutani.

"Joanne," alisema, "kura yangu haikufika."

"Haikufika wapi?"

"Nilikoituma."

Rotterdam palisikika kelele za vyombo, kisha mlango ukafungwa.

"Nani aliipeleka?" aliuliza Joanne, ingawa alijua.

"Yuko hapa. Anamenya viazi."

"Mpe simu."

Clifford alikausha mikono kwa uangalifu, kidole kwa kidole, akaipokea. Alisikiliza. Beryl aliweza kusikia sauti ya binti yake, lakini si maneno, maana haikupanda. Iliendelea tu, tambarare, kama mtu anayesoma maelekezo. Clifford alisema, "Nilifanya kwa ajili yenu wote." Baadaye akasema, "Ndiyo." Halafu akasema, "Ndiyo, Jo, naelewa," na akabaki ameishika simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kukoma.

"Amekata," alisema.

"Amesema nini?"

"Atakula kiapo mwezi wa tisa." Alirudi kwenye sinki. Alichukua kiazi, akakigeuza huku na huku kama mtu aliyesahau kinaanzia wapi. "Sikumdhuru mtu, Beryl. Nilikuwa na karatasi mbili mkononi na niliamini kitu kimoja. Ungetaka niwe watu wawili?"

"Nilitaka uwe mimi, dakika moja tu," alisema Beryl. "Mimi nilikuwa siwezi kuinuka."

Clifford alimenya kile kiazi hadi kikabaki kidogo kama yai la njiwa. Hakuomba radhi, si siku hiyo wala nyingine. Waliendelea kuishi. Aliacha kumwita mpenzi kwa muda, akaanza tena mwezi wa Agosti, na Beryl aliitikia kwa sababu ni yeye pekee aliyekuwa ndani ya nyumba. Kadi za Fenna alizituma bila mabusu. Mtoto aliuliza kwenye simu kama bibi amekasirika. Bibi akasema hapana, ni kalamu tu. Mwezi wa tisa ilikuja picha ya Joanne akiwa ameinua vidole viwili vya kiapo mbele ya bendera, amevaa gauni la bluu. Clifford aliitafutia fremu na kuipachika ukutani mwenyewe, tena palipo na mwanga. Krismasi, Joanne alisema, hawataweza kuja.

Uchaguzi mwingine ulifanyika mwezi wa Desemba, wa bunge la nchi mara hii, na ilisemekana huo ndio utakaokata mzizi wa maneno yote. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Beryl alifika ukumbini saa nane mchana, akakuta Bi. Lumley amepanga viti vya kanisa kando ya ukuta wa kulia, na juu ya meza ndogo ameweka birika la chai na biskuti. Hii ilikuwa foleni ya wale ambao kura zao zilizoea mikono mingine. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya kawaida. Walikaa kimya wakiwa na miamvuli yao miguuni: wake wa wavuvi wa zamani, mwanamke kijana mwenye jicho lililovimba aliyetazama mlango kila ulipofunguka, wazee wa nyumba ya kutunzia wakiwa na majina kwenye vifua. Bi. Lumley alikuwa anapita na sinia. Makao makuu, alisema, wamejulishwa, wamejibu kwamba penseli zinazotumika ni salama.

Kwenye kiti cha mwisho alikaa Hazel Pinder.

Beryl aliketi kando yake.

"Ulisema umesusa," alisema Beryl.

"Nilisema mpaka kura yangu itekelezwe. Sasa wanasema itatekelezwa, nikaona nije niwasukume." Hazel alivua glavu, akazivaa tena. "Nimekuja asubuhi nikaharibu karatasi zote alizoweza kunipa. Ameniambia nikanywe chai nirudi. Yangu inakwenda kwa kina Alan, Beryl. Inakimbia. Ukiiona utadhani inafukuzwa."

Beryl alimuuliza nani.

"Neil. Mwanangu. Mwaka ule ndio Gordon alikuwa anakata roho, sikuweza kumwacha. Nikamwambia Neil, weka kutoka, baba yako mwenyewe angeweka kutoka. Akasema, sawa, Mama. Tangu hapo sijaishika tena mwenyewe." Sauti yake, ambayo klabuni ilisikika hadi barabarani, ilikuwa imeshuka hadi ikabidi Beryl ainame. "Miaka yote hii nimepigana na watu kwa ajili ya kura ambayo sikuipiga."

Mwanamke kijana aliingia kijumbani, akatoka, akatumbukiza, akapita mbele yao haraka akiwa ameinamisha kichwa. Ndipo Beryl alipomgeukia jirani yake, na Hazel naye alikuwa ameshageuka. Hakuna aliyehitaji kueleza. Walikuwa wamepakana ukuta tangu watoto wao wadogo. Walikopeshana sukari na ngazi na machozi. Ya Beryl ilikwenda kutoka, ya Hazel ilikwenda kubaki. Kila mmoja alikuwa amekalia kile ambacho mwenzake aliibiwa.

Waliinuka pamoja wakaenda mezani. Hazel ndiye aliyesema, kwa adabu ambayo Beryl hakuwahi kuisikia kwake, kwamba wangependa kubadilishana.

Bi. Lumley aliwatazama mmoja mmoja. Akaivua miwani ikaning'inia kifuani kwenye kamba yake.

"Kila mtu na karatasi yake," alisema. "Mtu akipiga kura ya mwenzake bila ruhusa iliyosajiliwa, hilo ni kosa. Anafungwa."

"Clifford hakufungwa," alisema Beryl.

"Yeye alikuwa na ruhusa, mama."

Ilikuwa kweli, wala haikusemwa kwa ubaya. Bi. Lumley aliwapa kila mmoja karatasi yake, akiitazama namba kabla ya kuiachia, na akawaonyesha vijumba viwili vilivyopakana.

Beryl alichora alama yake mahali alipotaka yeye, akaikandamiza, akaichora taratibu ili ikae pale muda mrefu kidogo. Akaitazama ikiondoka. Nyuma ya ubao mwembamba alimsikia Hazel akinong'ona, "Rudi. Rudi hapa wewe," kama anavyoitwa mbwa ufukweni, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili bila ukali, kisha akanyamaza.

Walitoka, wakakunja karatasi zao, wakatumbukiza, Hazel kwanza, Beryl baadaye. Ndani ya sanduku karatasi zilikuwa zinachakarika. Bi. Lumley aliweka kiganja juu ya mfuniko akakiacha hapo mpaka zilipotulia, kisha akamwita anayefuata.